Shukrani kwa mzee wa benchi la dirishani

Mzee wangu, jina sikukuuliza. Ulinikuta nimeshika barua ya pili ya kukataliwa: cheti changu cha kuachana na jeshi la Marekani, ile DD 214, hakikutaja jeraha la Afghanistan, basi nishani ya Purple Heart, ile ya wanajeshi waliojeruhiwa na adui, nisahau. Ukaniambia kovu peke yake halitoshi. Lazima ithibitike kwamba ni adui aliyenijeruhi, na kwamba nilitibiwa. Ukanijazia fomu DD 149, ya kuomba rekodi ya jeshi irekebishwe, kwa mkono wako (mwandiko mbaya, unisamehe), ukanituma nikasake kadi ya matibabu na maelezo ya wenzangu wawili wa kikosi. Jana marekebisho ya cheti yamefika, DD 215. Mama huko Mombasa kapiga vigelegele hadi simu ikakatika. Asante sana, mzee.