Watoto wanaiacha kemia kabla ya kuigusa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wazazi wenzangu wa Tanga, na walimu pia, kuhusu uamuzi unaofanywa haraka haraka kila mwanzo wa mwaka. Mtoto akishavuka upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, anaulizwa kama anakwenda sayansi au sanaa. Anajaza fomu, mzazi anasaini bila kusoma, basi. Kwa watoto wengi wa mitaa yetu, hapo ndipo kemia inapoishia.

Sina ugomvi na anayeiacha kwa kuwa moyo wake uko kwenye historia au biashara. Ninaowasemea ni wanaoikimbia. Ukiwauliza watakwambia "kemia ngumu", na ukiendelea kuwadodosa unagundua hawajawahi kushika bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo, wala kuona rangi ikigeuka mbele ya macho yao. Miaka miwili wamenakili ubaoni alama za elementi na mipangilio ya elektroni. Katika muhtasari uliotumika kwa miaka mingi, maji magumu, asidi na besi, moli (kipimo cha kuhesabia chembe za kemikali) na titresheni (kupima kwa bureti kiasi cha asidi au besi) zote zilikuwa mada za kidato cha tatu. Mtoto anayeondoka mwisho wa kidato cha pili ni kama aliyekataa pilau kwa kuonja maji yaliyooshewa mchele.

Tena shule ninazozijua, hata zile zenye maabara, kabati la kemikali hufunguliwa mtihani wa taifa wa kidato cha nne unapokaribia. Titresheni na uchambuzi wa chumvi, yaani kuitambua kemikali usiyoijua, hufundishwa kwa mkupuo, usiku na mchana, kwa wale wachache waliobaki. Tunaikumbuka michango ya maabara ya mwaka 2014, baada ya agizo la Rais Kikwete kwamba kila shule ya kata iwe na maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Wananchi walitoa fedha, walibeba mawe na mchanga. Hatukutoa ili mlango uwe unafunguliwa msimu wa mitihani tu.

Mimi nimekula mkate wa kemia. Nilikuwa fundi sanifu wa maabara kiwandani, kazi ya saruji, hadi nilipostaafu. Kazi yetu kubwa zamu nzima ilikuwa kuupima unga mbichi, yaani mawe yaliyosagwa ya kutengenezea saruji, kabla haujaingia tanuri: unauwekea asidi ya kiasi unachokijua, inakula chokaa iliyomo, kisha unaipima kwa bureti asidi iliyobaki. Kilichopungua ndicho kinachokuonyesha chokaa ni kiasi gani. Ni titresheni ile ile ya kidato cha tatu. Ukikosea pale, tanuri la nyuzi 1450 linatoa klinka mbovu (madonge yanayosagwa kuwa saruji), na hasara yake haisahihishwi kwa kalamu nyekundu.

Ndiyo maana naona ajabu mtoto wa Tanga kuambiwa kemia iko mbali naye. Sisi tunakaa juu ya chokaa. Mapango ya Amboni yamechongwa na maji ya mvua yenye kabonidayoksaidi, yakila jiwe kidogo kidogo kwa muda usiohesabika. Visima vya mwambao ambavyo sabuni yake haitoi povu, na ule ukoko mweupe ndani ya birika la chai, ni jambo hilo hilo: chokaa iliyoyeyuka majini, ndiyo maji magumu. Nenda Tongoni, kusini mwa jiji, utazame msikiti wa kale na makaburi yake. Wazee wale walijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa: unachoma matumbawe, unayazima kwa maji, unajengea, na chokaa ile inaivuta tena hewani kabonidayoksaidi iliyoipoteza motoni na kurudi polepole kuwa jiwe. Mwalimu anayetaka kufundisha moli aanzie hapo hapo. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa mpaka ziive, zinatoka tanurini kilo 56. Kilo 44 zimepaa kama kabonidayoksaidi. Kila mchoma chokaa anajua mzigo umepungua uzito; mwanafunzi anaweza kukokotoa umepungua kiasi gani kabla hata kuni hazijawashwa. Kuna mtoto gani atalala katika kipindi hicho?

Na mashamba ya chumvi je? Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa kila lita. Jua likiyakausha, jasi (gypsum) inajitenga kwanza, kisha chumvi tunayokula, na yanabaki maji machungu yenye magnesi. Utengano wa mchanganyiko umeanikwa juani, bure, na basi la shule linafika na kurudi siku hiyo hiyo.

Najua nitajibiwa kwamba kemikali ni ghali. Ni kweli, na walimu wa sayansi hawatoshi, na suala la lugha ya kufundishia limeshasemwa na wengi, sitalirudia. Lakini kidato cha kwanza hakihitaji kemikali za Ulaya. Maji ya rozela ni mekundu. Yakamulie ndimu yabaki mekundu, yatie magadi uone yanavyogeuka kuelekea bluu na kijani. Hicho ni kiashiria, yaani kitu kinachokuonyesha kwa rangi kama una asidi au besi, tena cha sokoni. Jiwe la chokaa likidondoshewa siki linatoa mapovu. (Jiwe liokotwe pembeni mwa njia kule Pongwe, jamani, asije mtu akavunja kuta za Amboni kwa kusingizia barua yangu.) Maji ya chokaa yaliyotulia na kuchujwa, mtoto akiyapulizia pumzi kwa mrija, yanakuwa meupe kama tui. Hapo awepo mwalimu, watoto wapulize wasivute, na chokaa iwe ile ya kupaka ukuta iliyokwisha kuzimwa. Inayotoka tanurini moja kwa moja huchemka ikikutana na maji, na inaweza kupofusha.

Wazazi nao wajue wanachosaini. Mtoto akitaka kusomea stashahada ya uuguzi, utabibu au famasia, ataulizwa ufaulu wa kemia na baiolojia kwenye cheti chake cha kidato cha nne. Nimewaona mabinti mahodari, wenye huruma na wagonjwa kuliko wengi wetu, wakigundua hilo wakiwa tayari wameshika cheti kisicho na kemia. Kurudi kufanya mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea inawezekana, ila somo lenye mtihani wa vitendo kulisomea nyumbani ni shughuli. Bureti ataipata wapi Ngamiani?

Ninachoomba ni hiki. Wakuu wa shule za sekondari katika Jiji la Tanga waifungue maabara kwa kidato cha pili muhula mmoja kabla ya uchaguzi wa michepuo. Kila mtoto, si wale kumi wa mbele, afanye titresheni moja kwa mkono wake, hata kwa siki na maji ya magadi. Akishafanya, achague anachotaka. Na jiji hili lina wastaafu wa maabara za viwandani na hospitalini wanaoshinda barazani wakicheza bao. Wengi wetu tungekuja Jumamosi tukiitwa, nauli ya daladala ikitosha. Kwa shule za Ngamiani, Makorora na Chumbageni, mimi hata nauli sihitaji. Natembea.

Mzazi na fundi sanifu wa maabara mstaafu,
Ngamiani, Tanga