Turudishieni mwisho wa hadithi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na watu wanaokusanya, wanaohariri na wanaochapisha hadithi fupi kwa ajili ya vijana. Mimi ni mkutubi wa shule ya sekondari. Mwaka huu ni wa 11 tangu nianze kukaa kila Jumamosi asubuhi na kundi la wasomaji wa miaka 13 hadi 16. Tunasoma hadithi moja kwa sauti, kisha tunaizungumza mpaka tutosheke. Mara nyingi tunatumia mikusanyiko ya hadithi fupi, maana ndiyo inayotufaa: hadithi inaanza na kwisha siku hiyohiyo, na aliyekosa Jumamosi iliyopita haachwi nyuma. Ombi langu ni moja tu. Hadithi ikishafika mwisho wake, iacheni hapo. Msiiongezee funzo, wala msiibandikie maswali mgongoni.

Kilichonisukuma kuandika ni hiki. Miezi michache iliyopita tulipokea mkusanyiko mpya uliotayarishwa kwa ajili ya shule. Jalada zuri, karatasi nzuri, herufi za kusomeka. Ndani yake nikakuta hadithi ninayoipenda tangu ujana wangu. Inamhusu binti anayekuta chini ya sanduku la mama yake barua saba ambazo mama huyo aliziandika na hakuzituma. Anazisoma moja baada ya nyingine, amekaa sakafuni mpaka miguu inamfa ganzi. Yumo katikati ya barua ya saba, anasikia ufunguo ukizunguka mlangoni. Hadithi inaishia hapo, kwenye mlio wa ufunguo.

Nilimpa msichana mmoja atusomee. Ni msomaji mzuri, anajua mahali pa kutua. Alipofika kwenye ufunguo alinyamaza, na chumba kizima kikanyamaza naye. Nikafunga kitabu changu. Yeye akageuza ukurasa, akaendelea kusoma, kwani kumbe palikuwa na aya nyingine. Ilisema kwamba mzazi wake aliingia akamkuta na barua mkononi, naye binti akapiga magoti, akaomba radhi, na tangu siku hiyo hakugusa tena kitu kisichokuwa chake. Mistari minne.

Karibu na dirisha hukaa kijana wa miaka 14 ambaye muhula mzima hakuwa amefungua mdomo. Akauliza, "Mwalimu, mbona Mama amegeuka kuwa mzazi wake?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikuwa narudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, kuhakikisha. Alisema kweli. Tangu mstari wa kwanza mwandishi anamwita Mama, kwa herufi kubwa, vile binti mwenyewe angemwita. Hakuna pengine popote anapoitwa mzazi. Kijana akaongeza, "Aliyeandika hapa siye yule wa mwanzo."

Siku hiyohiyo, wanafunzi walipoondoka, nilikwenda kwenye rafu ya nyuma nikaitoa nakala yangu ya zamani, mkusanyiko wa wasomaji wazima ambao mgongo wake nimeushona kwa uzi mara mbili. Nikaviweka vitabu viwili mezani, nikalinganisha neno kwa neno. Hadithi ni ileile mpaka kwenye ufunguo. Aya ya mwisho haimo katika kitabu cha zamani. Mtu fulani aliitunga, akaichomeka, na jina la mwandishi likabaki pale juu peke yake kana kwamba yote ni yake. Hapakuwa na tanbihi. Katika dibaji hapakuwa na neno.

Nimeumia, Mhariri, na sitaki kulificha hilo. Nimeumia kwa ajili ya mwandishi, ambaye bila shaka alihangaika kuupata mwisho ule na kuuacha wazi. Haki yake si jambo la hisani. Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao mataifa mengi ya dunia yamejiunga nao, uliongezewa mwaka 1928 kifungu kinachompa mwandishi haki ya kupinga kazi yake ikikatwa, ikipotoshwa au ikibadilishwa kwa namna ya kumharibia heshima, hata kama haki za kuichapisha ameshaziuza. Lakini nimeumia zaidi kwa ajili ya wale wasomaji wangu. Kabla msichana yule hajageuza ukurasa, walikuwa na jambo la kufikiria. Baada ya mistari minne hawakuwa na jambo lolote la kufikiria.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na nakala ya zamani. Niliwasomea mwisho wake mimi mwenyewe, nikafunga kitabu, nikakaa kimya. Mmoja akaniuliza kama kuna ukurasa uliochanika. Nikamwambia hakuna. Basi wakaanza. Mmoja alisema binti atazirudisha barua haraka na kujifanya amelala. Mwingine akasema hawezi, miguu imekufa ganzi, mwandishi katuambia mapema kusudi tujue hawezi kuinuka. (Mimi mwenyewe, miaka yote hiyo, nilikuwa sijaliona hilo la miguu.) Yule msichana aliyesoma mara ya kwanza akasema kwamba mama alitaka zisomwe, mtu asiyetaka barua zake zisomwe huzichoma, hazipangi kwa tarehe. Kijana wa dirishani akasema hajui, ila yeye angependa anayeingia asiwe mama. Tukaitazama sentensi ya mwisho tena. Haisemi ni nani anayefungua. Tulizungumza saa nzima na robo, na suala la kuiba au kuomba radhi liliingia lenyewe, kwa sababu mmoja wao aliuliza kama barua ambayo haikutumwa ina mwenyewe. Aliyechomeka ile aya alitaka wazungumze juu ya kugusa vitu vya watu. Walizungumza, tena kwa kina kuliko aya yake.

Anton Chekhov, bingwa wa hadithi fupi wa Urusi, aliliona hili zamani. Mwaka 1888, katika barua kwa Alexei Suvorin aliyekuwa mchapishaji wake, alitenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya: kulitatua swali na kuliuliza swali ipasavyo. Alisema la pili ndilo analowajibika nalo mwandishi. Hadithi ya barua saba inauliza ipasavyo. Aya ile ya kubandikwa inalitatua swali ambalo hakuna aliyeuliza.

Sasa nije kwenye maswali yenyewe, yale ya mwisho wa kila hadithi. Taja sifa nne za mhusika mkuu. Eleza mafunzo matatu unayoyapata. Toa mifano miwili ya tashbihi. Nimekaa na vijana muda wa kutosha kujua wanavyosoma kitabu cha namna hiyo. Anafungua ukurasa wa maswali kwanza. Anachukua kalamu. Kisha anarudi mwanzo na kuiwinda hadithi, anapigia mstari tashbihi ya kwanza, anapigia ya pili, na akishazipata mbili hasomi tena bali anaruka. Ukimwuliza nini kilitokea, atakwambia binti alikuwa mdadisi, mwoga, mwenye mapenzi kwa mamaye na mwenye majuto. Ana sifa zote nne na hana hadithi. Huyo mtoto si mvivu. Kitabu kimemwambia wazi kwamba kinachohitajika kwake kiko ukurasa wa mwisho, naye amekitii.

Nilichofanya ni hiki: nilikata karatasi za rangi, nikazibandika juu ya kurasa za maswali kwa gundi kidogo ya pembeni, ili mwalimu wa somo akitaka aweze kuzifunua. Kazi hiyo ilinichukua alasiri mbili kwa nakala 18. Nisingependa mkutubi mwingine apoteze alasiri zake kwa kazi ambayo ingefanywa mara moja tu kwenye meza ya mhariri.

Najua jibu nitakalopewa. Kuna mitihani, walimu wanahitaji mazoezi, na kitabu kisicho na maswali shule hazikinunui. Nawaheshimu walimu, ninafanya kazi nao kila siku, na mtihani upo, siukatai. Lakini mazoezi yanaweza kukaa katika kijitabu cha mwongozo wa mwalimu. Kama gharama hairuhusu vitabu viwili, basi yakusanywe yote mwishoni kabisa mwa kitabu, baada ya hadithi ya mwisho, yasikae kama askari wa zamu kwenye mlango wa kila hadithi. Sherehe, yaani orodha ya maneno magumu na maana zake, ibaki, hiyo inasaidia.

Na mkusanyiko ni chombo kizuri mno kwa umri huu kuachwa kiharibike. Riwaya ina mlango mmoja. Kijana akikwama sura ya pili, amekwama. Mkusanyiko una milango kumi na zaidi. Mnajua wanaingilia wapi? Nimewatazama. Wanafungua Yaliyomo na kutoa hesabu. Hadithi hii inaanzia ukurasa wa 38, inayofuata wa 41, tatu tu, twende hapo. Ile fupi kuliko zote ndiyo inayosomwa kwanza, hata iwe imewekwa wapi. Kwa hiyo ninyi wahariri, hadithi yenu ya kurasa tatu isiwe ya kujazia nafasi. Iwe kali kuliko zote, maana hiyo ndiyo inayoamua kama kijana atajaribu ya kurasa tisa, kisha ya ishirini.

Mwandishi wa Marekani Edgar Allan Poe, alipoandika mwaka 1842 kuhusu mkusanyiko wa hadithi za Mmarekani mwenzake Nathaniel Hawthorne, alisema uzuri wa hadithi fupi ni kwamba inasomwa kwa mkao mmoja, kati ya nusu saa na saa moja au mbili, na kwamba tangu sentensi ya kwanza kila neno linapaswa kuvuta kuelekea athari moja aliyoikusudia mwandishi. Asubuhi yetu ya Jumamosi ni mkao huohuo. Na kama kila neno linavuta upande mmoja, basi mistari minne iliyochomekwa na mkono mwingine inavuta upande wa pili, na hata mtoto wa miaka 14 anaisikia kamba ikikatika.

Wapo waliowahi kuwaamini vijana kwa dhati. Mwaka 1984 nchini Marekani, Donald Gallo, aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu, alitoa mkusanyiko uitwao Sixteen. Hakuchukua hadithi za watu wazima akazipunguza makali. Aliwaomba waandishi waliokuwa tayari wanawaandikia vijana riwaya watunge hadithi fupi mpya kwa ajili ya kitabu hicho, nao 16 wakampa 16. Mikusanyiko mingine mingi ya namna hiyo ilifuata. Waandishi wa Kiswahili wenye uwezo huo tunao. Waombeni. Wapeni umri wa msomaji, wapeni idadi ya kurasa, kisha waacheni waandike. Wakileta hadithi inayoishia kwenye mlio wa ufunguo, msiogope.

Na mkiogopa, kabla ya kuongeza neno lolote, chukueni mswada mwende mkawasomee vijana kumi kwa sauti. Kaeni kimya wakati wa mwisho. Mhesabu dakika wanazobishana. Hilo halihitaji fedha wala kamati.

Kwa mchapishaji wa kile kitabu, ambaye simtaji kwa kuwa naamini anaweza kurekebisha bila kuaibishwa: toleo la pili likija, aya ile iondolewe. Nakala ya zamani ninayo, na ukurasa wa mwisho nimeshautoa kivuli. Nimeuacha kwa Mhariri wa gazeti hili pamoja na barua hii. Kijana wa dirishani ameomba uandikwe pembeni, kwa penseli, mahali hasa hadithi inapokoma, nami nimemwachia aandike kwa mkono wake.

Wako katika kusoma,
Mkutubi wa shule ya sekondari