Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Matembezi Yetu ya Perth, Julai 2024 hadi Juni 2025

Ndugu wanachama,

Assalam aleikum, Bwana asifiwe, na shikamooni wazee wetu mlioketi mbele.

Mwaka jana nilisoma taarifa kwa dakika arobaini, watoto wakalala kwenye viti. Safari hii nitasema habari za matembezi tu. Fedha atazieleza mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya iko kwa katibu.

Mtakumbuka jambo hili lilivyoanza. Kwenye mkutano uliopita mama mmoja alisimama akasema ana miaka tisa hapa Perth, Australia Magharibi, na ukimwuliza mwanawe mji huu una nini, atakutajia ukumbi huu, supamaketi na uwanja wa ndege. Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha aibu. Wengi wetu tunatoka kazini alfajiri, tunalala mchana, na wikiendi tunapika pilau la shughuli ya mtu. Bahari iko dakika ishirini kwa gari na hatuioni. Ndipo kamati ikaazimia kila mwezi tutoke mara moja. Tulipanga matembezi kumi na mawili, tukafanya tisa.

Naanza na yaliyoharibika, maana mawili ni yangu mwenyewe.

La kwanza ni Penguin Island, kile kisiwa cha pengwini karibu na Rockingham. Nilitangaza twende Julai. Watoto wakahesabu siku, watu wakabadilishana zamu. Siku tatu kabla ya safari ndipo nikasoma kwamba kisiwa hufungwa majira ya baridi ili pengwini wazae kwa utulivu, na hakifunguliwi hadi baridi iishe. Tulikwenda baadaye, na tulipanda boti, ingawa ni mwendo wa dakika chache na kuna ulimi wa mchanga unaokudanganya kwamba unaweza kuvuka kwa miguu. Watu wamekufa maji pale. Baba mmoja alinung'unikia nauli, nikamwambia nitamlipia mimi, akanyamaza. Pengwini wenyewe ndio wadogo kuliko wote duniani, kimo hakifiki goti, na kijana wangu alisema wanatembea kama wazee wanaotoka sala ya Ijumaa.

La pili ni saa. Tangazo lilisomeka "tukutane Elizabeth Quay saa 4". Sisi tuliokulia nyumbani Afrika Mashariki tukafika saa nne asubuhi na machupa yetu ya chai. Familia mbili ambazo watoto ndio wasomaji wa ujumbe wa simu zikafika saa kumi jioni, wakati sisi tunakunja mikeka. Tangu siku hiyo katibu anaandika "saa 4 asubuhi, yaani 10:00". Mzee wetu wa Lamu hajafurahi. Anasema saa ya Kiswahili haihitaji mkalimani. Mzee, tunakuheshimu, lakini mandazi yalimwagwa.

Kuna la tatu ambalo si la mtu mmoja. Jumapili mwenye SmartRider, ile kadi ya usafiri wa umma, halipi nauli, si treni, si basi, si kivuko cha kwenda South Perth. Kwa familia ya watu saba hiyo ni nafuu kubwa, kwa hiyo kamati ikahamishia matembezi Jumapili. Ndugu zetu Wakongo na Warundi wakatuambia wazi kwamba ibada yao inaisha mchana, na kwaya ikiamua, inaisha alasiri. Tumekubaliana hivi: ya karibu yafanyike Jumapili baada ya saa nane mchana, ya kutwa nzima yawe Jumamosi, na chama kichangie nauli za wazee.

Sasa niseme yaliyofana.

Septemba tulikwenda Kings Park, wakati wa maua ya porini. Bustani ile ina hekta 400 hivi, sehemu kubwa bado ni msitu wa asili, na hakuna kiingilio. Maua ni mazuri, sikatai, lakini kundi letu lilikwama kwenye mti mmoja. Ni mbuyu. Mbuyu kweli, wa aina ya Australia, ndugu wa ule wa kwetu. Uliota kule Kimberley, kaskazini kabisa, na inakadiriwa una miaka 750. Mwaka 2008 barabara ilipokuwa ikipanuliwa, wenyeji wa pale, Wagija, waliutoa zawadi. Ukang'olewa ukiwa na tani 36, ukalazwa juu ya lori, ukasafirishwa kilomita 3,200 hadi Perth na kupandwa upya. Unaitwa Gija Jumulu.

Bibi wawili walisimama mbele yake karibu nusu saa. Mmoja wa Tanga akasema huo si mbuyu, shina limekaa kama chupa ya soda. Mwingine wa Kilifi akasema ni mbuyu uliokonda kwa safari, kama sisi tulivyokonda. Kisha wakaanza kuutafuta ubuyu kwa macho juu kwenye matawi, na mjukuu akauliza kama mashetani wake nao walipandishwa lorini. Sikuwa na jibu. Aliyenalo anaweza kulisema kwenye Mengineyo.

Desemba ilikuwa zamu ya nyama choma, na hapa lazima nieleze vizuri kwa faida ya wageni. Bustani nyingi za umma za mji huu, kando ya mto na kando ya bahari, zina majiko ya umeme ya bure. Unabonyeza kitufe, bamba la chuma linapata moto, na baada ya muda linazima lenyewe, ubonyeze tena. Unakula, unafuta mafuta, unamwachia mwenzio. Utaratibu mzuri sana. Tatizo ni kwamba mishikaki juu ya bamba lile haichomeki, inatokota ndani ya maji yake, na mtu aliyekulia Mombasa hawezi kuiangalia bila kuumia.

Basi mwenzetu mmoja, simtaji, akaja na jiko lake la mkaa. Alilishusha kwenye buti la gari taratibu kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala, akamwaga mkaa, akatoa ungo wa kupepea. Siku hiyo ilikuwa joto la nyuzi arobaini na upepo wa mashariki, na ilishatangazwa marufuku ya moto kwa mji mzima. Moshi haujafika juu ya miti, askari wa halmashauri kasimama nyuma yetu. Alikuwa mtu mpole. Alitueleza kwamba cheche moja kwenye majani makavu ya kiangazi hiki inateketeza nyumba, na kwamba faini yake tusingeipenda. Tukazima kwa ndoo mbili za maji. Nyama ikarudi kwenye bamba. Ilipofika alasiri ukaingia ule upepo wa baharini ambao watu wa hapa wanauita Daktari wa Fremantle, joto likashuka, tukala, na hakuna aliyelalamika tena isipokuwa mwenye jiko.

Upepo unanikumbusha jambo. Wanoongar, wenyeji wa ardhi hii, hawahesabu majira manne. Wana sita: Birak, Bunuru, Djeran, Makuru, Djilba na Kambarang, na kila moja lina upepo wake, maua yake na chakula chake. Sisi tuliolelewa kwa kaskazi na kusi, masika na vuli, hesabu hiyo tunaielewa upesi kuliko ile ya kalenda ya ukutani. Napendekeza ratiba ya mwaka ujao ipangwe kwa majira hayo. Ningefanya hivyo mapema, nisingewapeleka watu kwa pengwini Julai.

Nafika kwenye bahari, na hapa naomba simu ziwekwe chini.

Januari tulikwenda ufukweni. Kijana wetu mmoja, mzaliwa wa Pwani, aliziona bendera mbili za nyekundu na njano ambazo waokoaji husimika mchangani, akaona watu wamebanana katikati yake, akaona pembeni maji yametulia, hakuna mawimbi, hakuna mtu. Akasema watu hawa waoga. Akaingia pale palipotulia. Dakika tatu hazikupita tukaona kichwa chake kiko mbali kuliko anavyoweza kuogelea mtu, na mkono mmoja juu. Mwokoaji, binti ambaye sidhani ana miaka ishirini, alikwenda na ubao wake akamrudisha. Mama yake alikuwa amekaa juu ya mkeka akimenya chungwa. Aliendelea kulimenya lile chungwa hata mtoto alipokwisha kuletwa, mpaka ganda lote likaisha, ndipo akaanza kulia.

Nimewauliza waokoaji tangu siku hiyo, na nawaeleza kama nilivyoelezwa. Bahari ni ileile ya Hindi, lakini mlango wake si uleule. Kwetu tuna miamba ya matumbawe inayovunja wimbi mbali, ndani mnabaki maji ya kuogea watoto. Fukwe nyingi za hapa hazina ngao hiyo. Wimbi linatoka kusini mbali na kufika likiwa na nguvu zake. Maji yaliyosukumwa ufukweni lazima yarudi, na hurudi kwa mfereji mmoja. Mfereji huo ndio mkondo. Juu yake mawimbi hayavunjiki, rangi ni ya giza kidogo, unaonekana ndio mahali salama, kumbe ndio mlango wa kutokea. Ukichukuliwa usishindane nao kurudi moja kwa moja. Elea, inua mkono, na ukiweza ogelea kwa ubavu, sambamba na ufuko, hadi utoke kwenye mfereji.

Watoto wetu wengi wanafundishwa kuogelea shuleni, na likizo kuna mafunzo ya VacSwim. Wasiojua ni sisi. Binti wa darasa la tatu anapiga mbizi, baba yake kasimama na maji ya magoti akimpigia kelele arudi. Kwa hiyo kamati inaleta azimio mbele yenu leo: robo ya ada ya mwaka ujao ilipie masomo ya kuogelea kwa watu wazima, kina mama wakiwa na saa yao peke yao, na asiwepo mtu wa kuogelea nje ya bendera kwenye tembezi la chama. Najua wapo watakaosema fedha hizo zingenunua maturubai mapya. Maturubai ya zamani yanavuja, ni kweli. Bado nawaomba mpige kura ya ndiyo.

Aprili, wakati wa likizo za shule, tulivuka kwenda Rottnest, kisiwa kilicho kama kilomita 19 kutoka Fremantle. Lilikuwa tembezi la gharama kuliko yote, na mweka hazina atawakumbusha. Magari binafsi hayaruhusiwi, watu huzunguka kwa baiskeli na kofia ngumu kichwani, na kwoka wanapita miguuni mwako bila wasiwasi. Ni mnyama mwenye mfuko kama kangaruu, ukubwa wa paka, sura yake kama anatabasamu. Mholanzi Willem de Vlamingh alipofika mwaka 1696 alidhani ni panya wakubwa, akakiita kisiwa kiota cha panya. Kuwashika au kuwalisha ni kosa. Tuliyemkuta na kipande cha chapati mkononi tulimnyang'anya chapati.

Lakini kisiwa hicho kina jina lake la Kinoongar, Wadjemup, na tangu mwaka 1838 kilikuwa jela ya wenyeji walioletwa wamefungwa minyororo kutoka kila pembe ya jimbo. Zaidi ya 370 wamezikwa pale. Tuliegesha baiskeli karibu na eneo la makaburi. Mzee wetu akaomba dua, mchungaji akasali, na watoto ambao tangu asubuhi walikuwa wanashindana kupiga kengele za baiskeli walinyamaza bila kuambiwa. Baadhi yenu mmeniambia tembezi la starehe lisichanganywe na habari za namna ile. Nimewasikia. Tukirudi kisiwani tutasimama tena palepale.

Fremantle tulikwenda Juni, mvua ikinyesha, tukakimbilia makumbusho ya meli zilizozama. Mle ndani kuna mabaki ya Batavia, meli ya Waholanzi iliyopasuka kwenye miamba mwaka 1629. Mzee wa Lamu, ambaye sasa mnamjua, aliitazama mbao kwa mbao, kisha akawaambia vijana kwamba huko kaskazini mwa Australia, kwenye visiwa vya Wessel, mwaka 1944 askari mmoja aliokota sarafu kadhaa mchangani, na tano kati yake ni za Kilwa. Vijana hawakuamini, wakatafuta kwenye simu, wakakuta ni kweli. Zilifikaje, hiyo ndiyo mada waliyobishania ndani ya treni hadi tunafika mjini.

Matembezi mengine yalikwenda salama: Cottesloe kutazama jua likizama baharini, jambo ambalo sisi wa Dar na Mombasa bado tunaliona kinyume, maana kwetu linachomoza humo; Mandurah kuwatazama pomboo; na bustani ya wanyama South Perth, ambako watoto walitaka kuona twiga kana kwamba hawajawahi kuambiwa twiga wanatoka wapi.

Nawashukuru madereva, wapishi, na yule mama aliyesema neno lake mwaka jana. Mwanawe sasa ndiye anayetuuliza Jumapili tunakwenda wapi.

Azimio la kuogelea litapigiwa kura baada ya taarifa ya fedha. Na lile jiko la mkaa liko kwenye buti la gari langu tangu Desemba. Mwenyewe aje alichukue leo kabla sijaondoka, linanichafulia mazulia.

Mwenyekiti