Kabla ya Kufungua Mtungi wa Hewa Ukaa, Tupime Kwanza Maji Yako

Mteja wetu mmoja wa Fuoni, mwenye tangi la samaki na mimea ya majini, alitupigia simu alasiri moja kutuarifu kwamba samaki wake wote walikuwa wamepanda juu ya maji wakitwetea, na kamba wake wadogo walikuwa wamelala changaraweni bila ya kusogea, ilhali mimea yake haijapata kupendeza kama siku hiyo. Alikuwa amejifungia mwenyewe mtambo wa hewa ukaa, gesi ambayo mimea ya tangini huitumia kukua, amesoma mwongozo kwa makini, na ameongeza gesi kidogo kidogo mpaka kipimo cha pH, yaani cha asidi ya maji, ambacho hushuka asidi inapozidi, kikasoma 6.6 kama mwongozo ulivyomwelekeza. Tulimwomba afunge vali mara moja, ainue mdomo wa pampu ili uso wa maji uchafuke, na abadilishe theluthi ya maji. Tulipofika na vifaa vyetu tukapima ugumu wa kaboneti, yaani KH, ambao ni kadiri ya chokaa iliyoyeyuka majini inayozuia pH isishuke, tukakuta ni nyuzi 14 za ugumu. Kwa maji ya namna hiyo, pH ya 6.6 maana yake ni zaidi ya miligramu 100 za hewa ukaa katika kila lita moja, na kiwango kinachokubalika kwa tangi lenye samaki ni baina ya miligramu 20 na 30.

Mwongozo ule haukuwa wa uongo. Uliandikwa kwa mtu mwenye maji laini ya nyuzi 4, ambayo yakifika pH ya 6.6 huwa na miligramu 30 barabara. Maji ya Unguja kwa sehemu kubwa si hayo. Mvua inayoanguka hapa hupenya kwenye udongo, ikachukua humo hewa ukaa inayotolewa na mizizi na vijidudu, ikawa asidi hafifu, kisha ikateremka kwenye mwamba wa chokaa uliotokana na matumbawe ya kale na kuuyeyusha polepole. Ndiyo maana birika la chai huota ukoko mweupe ndani, na hali hiyo huzidi katika ukanda wa maweni wa mashariki na kusini. Jiwe ni lile lile walilolichoma wazee kupata chokaa ya kujengea Mji Mkongwe; sisi tunalinywa likiwa limeyeyuka. Kwa hivyo hatukubali kufunga mtambo wa hewa ukaa nyumbani kwa mtu yeyote kabla ya kupima maji anayoyatumia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Hewa ukaa, KH na pH vimefungamana, na ukijua viwili utakipata cha tatu. KH ikiwa nyuzi 4, miligramu 30 kwa lita hupatikana pH inapokuwa 6.6, ikiwa nyuzi 8, hupatikana kwenye 6.9, na ikiwa nyuzi 14, kama kwa mteja wetu, hupatikana kwenye 7.1 na ushei. Kila pH inaposhuka kwa nukta moja nzima, kwa mfano kutoka 7.6 hadi 6.6, hewa ukaa huwa imeongezeka mara kumi, na hapo ndipo palipo na hatari, kwa sababu tofauti inayoonekana ndogo kwenye kipimo ni kubwa mno kwa samaki. Samaki hutoa hewa ukaa ya mwilini kupitia mashavuni kwa kuwa ndani ya damu yake imo nyingi kuliko majini. Ikijaa majini, ile ya ndani hukosa pa kutokea, damu hugeuka asidi, na uwezo wake wa kubeba oksijeni hupungua. Ndiyo sababu samaki anaweza kutwetea katika tangi lililojaa vipovu vya oksijeni vinavyotoka kwenye majani.

Hesabu hiyo ina udhaifu wake. Ukiweka tangini gogo la mkoko au majani ya mkungu, kama wapendavyo wafugaji wengi wa samaki wadogo, hutoka asidi nyingine zinazoshusha pH pasipo gesi yoyote, na hesabu itakuonesha hewa ukaa ambayo haipo. Kwa hivyo sisi huanza kwa njia nyingine: tunachota maji ya tangi kwenye bilauri, tunayaacha wazi usiku kucha ili gesi itoke, tunapima pH yake, kisha tunafungua mtambo na kuongeza gesi mpaka pH ya tangi iwe chini ya kipimo kile kwa nukta moja hivi. Usiku huo mmoja ni wa lazima. Maji ya kisima hutoka ardhini yakiwa na hewa ukaa yake ya ziada, na mwenye kuyapima papo hapo bombani huanza hesabu mahali pasipo sahihi.

Joto nalo lina neno lake. Miongozo mingi huchukulia maji ya nyuzijoto 24 au 25, lakini tangi lililo katika chumba kisichokuwa na kiyoyozi hapa kwetu, khasa wakati wa kaskazi, hufika 30 bila ya taabu. Katika joto hilo maji hushika hewa ukaa pungufu kwa takribani robo yakilinganishwa na maji ya nyuzijoto 20, kwa hivyo mapovu mengi zaidi hupasuka juu na kupotea. Mteja huona mimea haibadiliki, akaongeza gesi. Lakini oksijeni nayo hupungua, kutoka miligramu 9 hivi kwa lita katika nyuzijoto 20 hadi 7.5 katika nyuzijoto 30, na wakati huo huo mwili wa samaki unahitaji oksijeni zaidi kwa sababu ya joto. Rai yetu, na tunaishikilia hata mteja anapotusukuma, ni kwamba tangi la Unguja lenye samaki lisipitishwe miligramu 20 katika miezi ya joto. Mimea itakua polepole kidogo, nayo itakua.

Kuna jambo jingine linalowapata wateja wetu wengi ambalo mwongozo wa nchi za baridi hauwezi kulitaja. Watu wa visiwani hupenda kupamba tangi kwa makombe, simbi, vipande vya matumbawe vilivyookotwa pwani na mchanga mweupe. Mchanga wa pwani zetu za mashariki kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani chokaa tupu. Maji yenye hewa ukaa huiyeyusha chokaa hiyo kama vile mvua inavyouyeyusha mwamba, KH ikapanda wiki baada ya wiki, na vipimo tulivyoviweka siku ya kufunga mtambo vikawa havina maana tena. Jaribio lake ni jepesi: litie jiwe au mchanga ulio mkavu matone ya siki, na ukiona linachemka na kutoa mapovu, litoe. Tumewahi kutoa ndoo nzima ya mchanga katika tangi moja, tukaweka changarawe isiyochemka, na ndani ya miezi miwili KH ikatulia.

Tukija kwenye mtambo wenyewe, moyo wake ni mtungi wa chuma au alumini wenye hewa ukaa iliyogandamizwa hadi kuwa kimiminika. Shinikizo la ndani ni kiasi cha baa 57 katika nyuzijoto 20 (baa moja ni kama shinikizo la hewa ya kawaida), na hupanda hadi baa 70 na zaidi katika nyuzijoto 30. Joto likipita nyuzi 31 hakuna kimiminika tena, na shinikizo huendelea kupanda kwa kadiri mtungi ulivyojazwa. Mtungi uliojazwa kupita kiasi ukaachwa juani ndani ya gari unaweza kupasua kizibo chake cha usalama. Tunausimamisha wima, tunaufunga ukutani au ndani ya kabati usianguke, na hatuupokei mtungi ambao tarehe ya kupimwa kwake haisomeki shingoni. Wapo wanaotuletea mtungi wa kuzimia moto wakitaka kuokoa fedha, kwa kuwa gesi ni ile ile. Tunaukataa, kwa sababu ndani yake mna mrija unaoshuka hadi chini na kutoa kimiminika badala ya gesi, na kimiminika hicho huharibu regulata, yaani kifaa kinachoshusha shinikizo la gesi inayotoka mtungini. Regulata ya jiko la gesi pia haifai kabisa. Haikutengenezwa kuhimili shinikizo hili.

Jambo la usalama wa watu tunalisema kwa kila mteja, hata aliyekwisha kulisikia. Mtungi wa kilo 2 ukivuja wote hutoa zaidi ya lita 1,100 za gesi isiyo na harufu na nzito kuliko hewa. Katika chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu, kilichofungwa madirisha kwa ajili ya kiyoyozi, hiyo ni takribani asilimia 4 ya hewa yote, kiwango ambacho wataalamu wa usalama kazini wanakihesabu kuwa hatari kwa maisha papo hapo. Kwa hivyo hatuweki mtungi katika chumba anacholala mtu. Viungo vyote tunavipaka povu la sabuni siku ya kufunga na kila mtungi unapobadilishwa.

Juu ya mtungi hukaa regulata, na hapa tunawashauri wateja wasibane matumizi. Ile ya hatua moja hufanya kazi vizuri mpaka kimiminika kinapomalizika mtungini. Hapo shinikizo la ndani huanguka, na shinikizo la kutokea linaweza kupanda ghafla, gesi yote iliyobaki ikaingia tangini kwa mkupuo. Ile ya hatua mbili hulizuia jambo hilo. Geji ya mtungi haitakuonya mapema, kwa kuwa husoma shinikizo lile lile maadamu bado kuna kimiminika hata kidogo, kwa hivyo njia ya kweli ya kujua kilichobaki ni kuupima mtungi kwenye mizani. Baada ya regulata kuna vali ya sindano ya kurekebisha mtiririko, kihesabu mapovu, vali ya njia moja inayozuia maji ya tangi yasirudi nyuma, na kisambazi cha kauri kinachoigeuza gesi kuwa vipovu vyembamba kama vumbi. Kisambazi kikae chini, mbele ya mkondo wa pampu, na kisafishwe kinapoota utando wa kijani.

Vali inayowashwa kwa umeme, yaani solenoidi, inastahili maelezo marefu zaidi kwa sababu ya hali ya umeme wetu. Tunafunga ile inayojifunga umeme ukikatika. Mimea ikikosa mwanga huacha kutumia hewa ukaa na yenyewe huanza kuitoa, na pampu ikisimama hakuna kinachochanganya maji. Baadhi ya wateja wenye betri na sola wameiunganisha solenoidi kwenye betri huku taa na pampu zikibaki kwenye umeme wa kawaida, wakidhani wanaulinda mtambo. Matokeo yake umeme ukikatika gesi huendelea kuingia kwenye maji yaliyotulia gizani. Ama viwe pamoja kwenye betri, au viwe pamoja kwenye umeme wa kawaida. Vivyo hivyo kwa taima: ile ya kuzungushwa kwa mkono husimama umeme unapokatika na kuchelewa kwa muda huo huo, lakini ile yenye betri ndani haichelewi. Ukitumia aina moja kwa taa na nyingine kwa gesi, baada ya mikatiko michache saa za gesi na saa za taa zitakuwa zimeachana. Tunapanga gesi ifunguke saa moja hadi mbili kabla ya taa na ifungwe saa moja kabla taa hazijazimwa, na taa zenyewe ziwake kwa saa 6 hadi 8.

Kwa tangi la lita 100 tunaanza na povu moja kwa sekunde, na hilo ni la kuanzia tu, kwa maana ukubwa wa povu hutofautiana baina ya kihesabu na kihesabu. Tunaning'iniza ndani ya tangi kipimarangi chenye maji maalumu ya KH 4, ambacho huwa buluu gesi ikiwa haba, kijani ikitosha, na manjano ikizidi. Kwa kuwa huchelewa saa nzima au mbili kubadilika, hatuongezi gesi zaidi ya mara moja kwa siku, na tunalingoja siku nne au tano tangi ambalo tayari lina samaki. Gesi inayopanda na kushuka kila siku ina balaa lake: mara nyingi huleta ule mwani mweusi wa nywele unaoshika kingo za majani, ambao ni taabu kubwa kuuondoa.

Si kila tangi linahitaji gharama hii. Ikiwa unataka mimea kama Anubias, Cryptocoryne, au Vallisneria, ambayo huweza kuchukua kaboni yake kutoka kwenye bikaboneti iliyojaa katika maji yetu magumu, tutakuambia wazi kwamba huhitaji mtungi. Anayetaka zulia la mimea mifupi mbele ya tangi au majani mekundu, huyo tutamfungia.

Tuletee kwanza maji dukani, nusu lita katika chupa safi iliyojazwa hadi mdomoni na kufungwa, yakiwa yale unayoyatumia kubadilishia tangi. Anayeishi karibu na pwani tutampimia pia chumvi iliyomo majini. Na ikiwa nyumba yako hupata maji ya bomba siku nyingine na ya kisima siku nyingine, leta chupa mbili, kila moja iandikwe yatokako.