Mwanangu, kaunti si kushuka cheo

Mwanangu Mwanakombo,

Hatujambo, ila babako na goti lake, nawe wamjua.

Ulisema kwenye simu kuwa bosi wako anaacha ubunge wa jimbo la California huko Sacramento aje agombee kiti cha kaunti hapa Los Angeles, na wewe unaona ameshuka cheo. Mimi sioni hivyo.

Mtazame marehemu Gloria Molina, mwanasiasa wa hapa Los Angeles, kifungua mimba katika watoto kumi. Alianza kama wewe, msaidizi wa mwanasiasa, Art Torres. Mwaka 1982 wakubwa wa siasa za mtaani kwao walimtaka angoje zamu yake. Hakungoja, akawa mwanamke wa kwanza wa Kilatino, yaani mwenye asili ya Amerika ya Kilatini, katika Bunge la California. Huko alipinga gereza ambalo serikali ilitaka kulijenga Mashariki mwa Los Angeles. Akina mama wa mtaa waliandamana, na mwishowe halikujengwa. Lakini bungeni alikuwa mmoja kati ya 80.

Baada ya miaka michache katika baraza la jiji, mwaka 1991 aliingia Bodi ya Wasimamizi wa kaunti. Mahakama ilikuwa imeamua kwamba mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilichorwa kuwanyima Walatino sauti, ikabidi ichorwe upya. Na aliyeshindwa naye katika duru ya mwisho ni nani? Huyo huyo Art Torres. Ndiyo siasa, mama.

Usiifananishe bodi hiyo na MCA, diwani wa kaunti, wa kwetu Kwale. Wasimamizi ni watano tu, na enzi zake hapakuwa na gavana wa kaunti juu yao. Hospitali, jela, watoto waliotengwa na wazazi, yote mezani kwao. Miaka ya nyuma, katika hospitali kuu ya kaunti, wanawake wenye asili ya Meksiko walifungwa kizazi, wengine wakitiwa karatasi za ridhaa za Kiingereza mkononi huku wako kwenye uchungu. Comisión Femenil, chama cha wanawake ambacho Gloria aliongoza tawi lake la hapa, kiliingia katika kesi yao. Mwaka 1978 wanawake hao wakashindwa. Miaka 13 baadaye alikuwa mmoja wa watano wanaoiamulia hospitali hiyo! Ilipofika kuijenga upya alitaka vitanda 750, wenzake wakapitisha 600. Hilo lilimuuma, na aliendelea kulisema.

Bosi wako akikuita, njoo. Akikupa mambo ya afya, usikatae. Chumba chako kipo, kodi tutasaidiana.

Mamako