Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Walimu wawili wakifundisha pamoja, wote wahesabiwe

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

Kwa heshima kubwa nakuandikia nikiwa mhadhiri wa fiziolojia katika chuo kimoja hapa hapa Dodoma. Nina ombi moja: wahadhiri wawili wanapofundisha pamoja kipindi kizima, kila mmoja ahesabiwe saa zote. Fomu yetu ya mzigo wa kazi ina nafasi ya jina moja tu.

Madaktari wetu watarajiwa tunawafundisha kwa timu. Wanasoma kwanza wenyewe. Wakifika darasani, kila mmoja anafanya jaribio peke yake, kisha wanalirudia jaribio lile lile wakiwa timu ya watu watano hadi saba, wakibishana mpaka wakubaliane. Baadaye wanapewa kisa cha mgonjwa, na timu zote zinanyanyua kadi ya jibu kwa mpigo. Njia hii aliianzisha Larry Michaelsen wa Chuo Kikuu cha Oklahoma, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1970, darasa lake lilipofurika. Mwalimu mmoja anaweza kuziendesha timu hata ishirini. Kuyajibu yote yanayoibuka humo, hawezi.

Muhula uliopita kisa kilikuwa cha mtoto wa mwaka mmoja na nusu, amekonda mbavu zinahesabika, anaharisha siku ya tatu. Timu nyingi zilinyanyua B: dripu. Nikaeleza hatari yake. Katika utapiamlo mkali, pampu za seli zinazotoa sodiamu na kuingiza potasiamu zinalegea, sodiamu inazidi mwilini, na moyo nao umedhoofu. Ukimmiminia maji mshipani unaweza kumpoteza. Ndiyo maana ReSoMal, maji ya kunywa ya chumvichumvi kwa watoto wenye utapiamlo mkali, ina sodiamu milimoli 45 kwa lita, wakati ORS ya kawaida, ile wanayopewa wanaoharisha, ina 75.

Binti mmoja akauliza: tutajuaje kama kweli amepungukiwa maji? Nikajibu kwamba wabane ngozi ya tumbo, ikirudi polepole ndiyo dalili.

"Hapana, mwalimu," akasema mwenzangu, daktari bingwa wa watoto. "Huyu amekonda. Ngozi yake itarudi polepole hata kama maji anayo." Akawaonyesha anavyomwuliza mama: ameharisha mara ngapi tangu jana? Macho yamebonyea lini, au ndivyo yalivyo siku zote? Dripu, akasema, ni kwa mtoto aliye kwenye mshtuko, yaani damu haimzunguki vya kutosha: amelegea, mikono ya baridi, mapigo dhaifu yanayokimbia.

Maneno yale hayamo kwenye slaidi zangu, na nisingeyapata bila yeye kuwa ukumbini. Wanafunzi waliona pia mwalimu akisahihishwa na mwenzake bila mtu kuvunjiwa heshima. Kesho wodini muuguzi atawaambia dozi imezidi, na watatakiwa kumsikiliza. Kugawana mada, wiki hii mimi na wiki ijayo yeye, hakuwezi kuwapa hilo.

Kwa kila kipindi tulikutana mara mbili kuandaa kisa na maswali, yeye akitokea zamu. Mwisho wa muhula saa zote ziliandikwa kwangu. Kwake sifuri. Akaulizwa kwa nini mzigo wake ni mdogo, na sasa amepangiwa mihadhara yake peke yake. Simlaumu hata kidogo.

Najua nchi hii ilivyoumizwa na wafanyakazi hewa, na sitaki tuzae wahadhiri hewa. Basi sharti liwe kali: wote wawili wawepo tangu jaribio la kwanza hadi kadi ya mwisho, na kiongozi wa darasa asaini kuthibitisha. Wizara yako ikitoa mwongozo kwa vyuo vyote vya afya, wakuu wa idara watakuwa na cha kushika.

Ratiba ya muhula ujao imeshabandikwa. Kisa cha mtoto yule kipo wiki ya nne, na mbele yake kuna jina langu peke yangu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhadhiri wa fiziolojia, Dodoma