Krismasi njema kutoka kwa daktari mwenye hogo

Ndugu zangu, majirani, madaktari wenzangu na nyie wote niliowahi kuwafunga plasta, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya. Makosa ya herufi mnisamehe, nachapa kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye hogo. Ndiyo, mimi mwenyewe! Wiki mbili zilizopita niliteleza bafuni nikajikinga na kiganja kama anavyofanya kila binadamu, nikasikia kah, na kabla sijainuka nilishajua, maana kifundo cha mkono kilikuwa kimepinda kama uma wa mezani. Mvunjiko huu aliueleza daktari mpasuaji wa Ireland, Abraham Colles, mwaka 1814, tena bila eksrei kwa sababu eksrei hazikuwepo, jamaa alitumia macho na vidole tu.

Kitu cha kwanza ninachowaambia wagonjwa ni vua pete kabla mkono haujavimba. Mimi nikakaa sakafuni nauangalia mkono kama wa mtu mwingine, kuja kukumbuka pete ishagoma. Mama watoto kaja na sabuni, anaizungusha polepole huku ananisema, miaka yote unawafokea watu wa watu leo umekaa tu. Ilitoka na ngozi kidogo.

Hiyo pete imenifanya niwaze sana msimu huu. Tarehe 22 Desemba 1895, siku tatu kabla ya Krismasi, Wilhelm Röntgen, yule Mjerumani aliyegundua eksrei, alimpiga mkewe eksrei ya mkono, mifupa ikaonekana yote na pete inaelea kwenye kidole. Tarehe 1 Januari 1896 akawatumia wanasayansi wenzake kwa posta makala yake pamoja na picha. Sisi watu wa mifupa sidhani kama tumewahi kupata salamu za mwaka mpya kubwa kuliko hizo, kabla yake ilikuwa ni kupapasa na kubahatisha.

Sasa mnajua kwa nini sikukuu nyingi hamnioni. Watu wakisafiri na kusherehekea, sisi ndo msimu: pikipiki, ngazi, bibi aliyeanguka akavunja nyonga na hatakiwi kukaa siku nyingi bila kufanyiwa upasuaji. Na kazi yenyewe sio ya kisu kama mnavyodhani, ni drili, nyundo, msumeno na skrubu, juu yake umevaa aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi ya eksrei, inakuchosha mabega, unatoka umelowa jasho. Mwanangu wa pili aliulizwa shule baba anafanya kazi gani akajibu fundi seremala. Sikumsahihisha.

Kuna Krismasi moja sijaisahau. Kijana mdogo, mguu umesagika chini ya goti, vidole vya baridi kabisa, damu haifiki na muda ushapita. Mama yake kanishika koti, daktari si umuwekee tu vyuma? Nikamweleza chuma kinashika mfupa mama, hakirudishi damu, tukiuacha huo mguu tutampoteza yeye. Akanyamaza muda mrefu halafu akauliza nitamkata wapi. Nikamwonyesha kwenye mguu wangu mwenyewe. Niliporudi usiku nimebakiziwa chakula, nikakifunika tena. Yule kijana sasa ana watoto watatu na kila sikukuu ananitumia salamu kabla mimi sijamtumia, mwaka huu kaandika tu, "pole mzee, na wewe umeonja".

Nimeonja kweli. Aliyeninyoosha ni daktari niliyemfundisha mwenyewe, na alipouvuta ule mkono nilipiga kelele ambayo manesi wataihadithia mpaka nistaafu, sindano ya ganzi ilikuwepo jamani lakini we acha tu. Plasta nayo ikiganda inapata moto. Miaka yote nawaambia watu "utasikia joto kidogo", kumbe lile joto linapanda na wewe huwezi kukimbia mkono wako.

Basi mwaka huu nipo nyumbani. Jana usiku simu ililia nikaruka kitandani kutafuta viatu, kumbe shangazi anauliza hali. Pete kaishika mama watoto, kasema nitaipata hogo likitoka mwishoni mwa Januari. Huwa linakatwa na kile kimsumeno chenye makelele, watoto wakikiona wanalia na mimi huwa nawaambia usiogope, kinatetema tu, hakikati ngozi. Kitakachokuja kwangu atakishika yule yule daktari niliyemfundisha, na nimeshamuomba aje na mkono mwepesi.